Kupanga kozi za shahada ya uhandisi wa umeme: anza na mnyororo, muhula baadaye

Wanafunzi wengi wa uhandisi wa umeme wanaochelewa kuhitimu hawakufeli kozi nyingi. Walifeli moja, ila ikawa ile ambayo nyingine nne au tano zimeiegemea, na idara huifundisha mara moja tu kwa mwaka. Programu nyingine huvumilia kupangua na kupanga upya. Hapa uvumilivu ni mdogo. Kozi ya udhibiti haisomeki bila ya ishara na mifumo, ishara na mifumo haisomeki bila milinganyo tofautishi, na milinganyo tofautishi haisomeki bila kalkulasi. Mpango unaojazwa muhula mmoja mmoja, kwa kuangalia kozi zipi zimefunguliwa kwenye mfumo wa usajili, huonekana mzuri hadi mwaka wa tatu, kisha unakwama.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayepanga, na pia wa mshauri wa masomo anayekaa naye mezani. Majina na namba za kozi hutofautiana chuo kwa chuo, lakini mpangilio wa kimsingi unafanana karibu kila mahali, kwa sababu hisabati na fizikia ndizo zinazoupanga.

Nyaraka za kuwa nazo kabla ya kushika penseli

Kwanza, mtaala wa mwaka wako wa udahili, wala si ule mpya uliobandikwa leo. Kwa kawaida mwanafunzi huhitimu kwa masharti ya mwaka alioingia, lakini aliyeahirisha masomo au kubadili programu anaweza kuhamishiwa mtaala mpya. Kama ni wewe, omba jibu la maandishi ofisi ya taaluma: mtaala upi unakuhusu, na kozi zipi za zamani zinahesabika kama zipi za sasa.

Pili, matokeo yako yote hadi sasa, pamoja na kozi ulizofeli. Tatu, orodha ya kozi zinazofundishwa kila muhula, ikionyesha zile za mihula ya witiri (1, 3, 5, 7), za mihula ya shufwa (2, 4, 6, 8) na za mihula yote. Idara nyingi hazichapishi orodha hii. Chukua ratiba za miaka miwili au mitatu iliyopita uitengeneze mwenyewe, kisha mkuu wa idara aithibitishe, maana mwalimu akienda likizo ya utafiti kozi ya hiari inaweza kutofundishwa mwaka mzima. Nne, kalenda ya chuo yenye tarehe za mwisho za kuongeza kozi na kuondoa kozi.

Ukiwa unausoma mtaala, kuna mstari mmoja ambao watu huuruka: alama ya chini inayokubalika kwa kozi tangulizi, yaani ile unayotakiwa kuifaulu kabla ya inayofuata. Vyuo vingine hukubali D kuwa umefaulu Sakiti 1, lakini hudai C ili uingie Sakiti 2. Matokeo yatasema umefaulu na mfumo wa usajili utakukataa, nawe utagundua siku ya usajili.

Chora mnyororo

Chukua karatasi kubwa, A3 kama ipo. Andika kila kozi ya lazima kwenye kisanduku, ndani uweke idadi ya krediti na herufi W kwa witiri, S kwa shufwa, au WS kwa zote. Chora mshale wa mstari kamili kutoka kozi tangulizi kwenda inayoifuata. Kwa kozi zinazoruhusiwa kuchukuliwa sambamba, tumia mstari wa nukta. Usiandike mihula bado.

Mnyororo mrefu zaidi utajitokeza wenyewe. Katika programu ya mihula 8 huwa karibu na huu:

Muhula 1: Kalkulasi 1
Muhula 2: Kalkulasi 2, pamoja na Fizikia ya Umeme na Sumaku
Muhula 3: Sakiti 1, na Milinganyo Tofautishi
Muhula 4: Sakiti 2, na Elektroniki 1
Muhula 5: Ishara na Mifumo
Muhula 6: Udhibiti, au Mawasiliano
Muhula 7: Mradi sehemu ya kwanza
Muhula 8: Mradi sehemu ya pili

Hatua nane ndani ya mihula minane. Hakuna muhula wa akiba. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kuambiwa, na mara nyingi ndilo la mwisho kulisikia.

Sasa kila kozi ipe namba mbili: muhula wa mapema kabisa unaoweza kuichukua, na muhula wa mwisho ambao bado unakuruhusu kuhitimu kwa wakati. Namba ya pili unaipata kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka muhula wa 8. Tofauti ya namba hizo ni nafasi yako. Kozi yenye nafasi sifuri haiahirishwi kwa sababu yoyote inayoweza kuepukika, iwe ni ratiba ya asubuhi mno au mwalimu usiyempenda.

Mfano: Mantiki Dijitali (S), kisha Maikroprosesa (W), kisha Mifumo Pachikwa (S), yaani kompyuta ndogo zinazowekwa ndani ya vifaa. Mantiki Dijitali haihitaji kalkulasi wala sakiti, hivyo inaweza kuchukuliwa muhula wa 2. Ukirudi nyuma kutoka 8, Mifumo Pachikwa ni 8, Maikroprosesa ni 7, Mantiki Dijitali ni 6. Nafasi ni mihula 4. Lakini kama mradi wako wa mwisho utatumia maikrokontrola, Maikroprosesa lazima iwe imeisha kabla ya muhula wa 7. Kwa kuwa ni ya witiri, mwisho wake ni muhula wa 5, na Mantiki Dijitali mwisho wake ni wa 4. Nafasi imeshuka kutoka 4 hadi 2 bila mtaala kubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni uamuzi wako kuhusu mradi.

Kozi moja ikianguka

Tufuate mtu aliyefeli Sakiti 1 muhula wa 3. Inafundishwa mihula ya witiri tu, kwa hiyo atairudia muhula wa 5. Sakiti 2 ni ya shufwa: muhula wa 6. Ishara na Mifumo ni ya witiri: wa 7. Udhibiti: wa 8. Mradi sehemu ya kwanza: wa 9, ya pili: wa 10. Kozi moja ya krediti 3 imemgharimu mwaka mzima, ingawa nyingine zote alifaulu.

Njia za kujinasua zipo, na zina mpangilio wa ubora. Ya kwanza ni sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukiruhusiwa na ukaifaulu kabla muhula wa 4 haujaanza, mnyororo haujakatika. Ndiyo maana sapu ya Sakiti 1 inastahili maandalizi kuliko mtihani wenyewe wa mwisho wa muhula. Ya pili ni muhula mfupi wa likizo, kama chuo kinao. Sakiti 1 inafaa kusomwa hivyo kwa sababu ni ya mazoezi mengi na nadharia chache. Sumakuumeme haifai: wiki saba ni fupi mno kwa kichwa kuzoea vekta. Ya tatu ni kuisoma chuo kingine, na hapo pata kibali cha maandishi kabla ya kulipa ada, kwa kuwa kibali cha baadaye hakina uhakika.

Ya nne husahaulika, nayo ni kuomba msamaha wa kozi tangulizi. Ishara na Mifumo huwekewa Sakiti 2 kama tangulizi hasa kwa sababu ya mabadiliko ya Laplace (mbinu ya kugeuza milinganyo tofautishi kuwa aljebra) na mifano ya RLC (sakiti za rezista, koili na kapasita). Hisabati inayobeba kozi yenyewe imo kwenye Milinganyo Tofautishi. Mwanafunzi aliyefaulu vizuri Milinganyo Tofautishi anaweza kuomba achukue Ishara na Mifumo muhula wa 5 huku akirudia Sakiti 1. Akikubaliwa, muhula wa 6 anachukua Sakiti 2 na Udhibiti, na wa 7 anaanza mradi. Mwaka umeokolewa, ingawa muhula wa 6 utakuwa mzito, kwani Elektroniki 1 nayo imesogea hapo.

Mshauri asiombe msamaha kama huo kwa Elektroniki 1 bila Sakiti 1. Kozi hiyo huanza na dayodi na transista zinazowekewa volti ya kuanzia, na hesabu zake hudhani unajua kanuni ya Thevenin (kuirahisisha sakiti hadi chanzo kimoja na rezista moja) kama unavyojua kujumlisha. Mwanafunzi aliyepitishwa hapo bila msingi atarudi na F mbili.

Jipime kabla ya kujisajili

Kufaulu kozi tangulizi si sawa na kuwa tayari kwa inayofuata, hasa kama ulifaulu kwa alama za kando kando au kama mwaka umepita. Vipimo vifuatavyo ni vya dakika kumi kila kimoja, bila daftari.

Kwa Sakiti 2: rezista ya omu 30 imeunganishwa mfululizo na koili yenye riaktansi ya omu 40, kwenye chanzo cha AC cha volti 100. Mkondo ni ngapi, na nguvu inayotumika ni wati ngapi? Impidansi ni 30 + j40, yaani omu 50 kwa pembe ya nyuzi 53.13. Mkondo ni ampea 2, ukichelewa nyuma ya volti kwa pembe hiyo. Nguvu ni 2² × 30 = wati 120, na unaweza kuhakiki kwa 100 × 2 × 0.6. Aliyejumlisha 30 na 40 akapata 70 hajazielewa namba changamano, na katika Sakiti 2 zinatumika kila siku kuanzia wiki ya kwanza. Wiki mbili za mazoezi kabla ya muhula zinatosha kurekebisha. Katikati ya muhula huwa umechelewa.

Kwa Elektroniki 1: chanzo cha volti 12, rezista ya kilo-omu 10 juu na ya kilo-omu 2 chini, pato likichukuliwa kwenye kiungo cha katikati. Tafuta sakiti sawa ya Thevenin. Jibu ni volti 2 na kilo-omu 1.67. Kama ilibidi ukumbuke fomula, rudia sura hiyo. Unatakiwa uione.

Kwa Ishara na Mifumo: gawanya 1/((s+1)(s+2)) katika sehemu rahisi, kisha tafuta integrali ya t·e^(−2t) kuanzia sifuri hadi infiniti. La kwanza ni 1/(s+1) − 1/(s+2), la pili ni 1/4. Wengi wanaofeli kozi hii wanaelewa vizuri maana ya mfumo na mwitikio wake. Kinachowaangusha ni aljebra na integrali kwenye chumba cha mtihani.

Kwa Sumakuumeme: uga wa vekta (x, y, z) una daivajensi ngapi, na ni kiasi gani kinatoka kwenye tufe lenye nusukipenyo R? Daivajensi ni 3, na kinachotoka ni 4πR³. Kama hukuona kwamba jibu la pili linatokana na la kwanza likizidishwa na ujazo wa tufe, rudi kwenye kalkulasi ya vekta kwanza.

Uzito wa muhula

Katika mfumo ambao krediti moja ni saa moja ya darasani kwa wiki, kadirio la kawaida ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasa. Krediti 15 basi ni saa 45 kwa wiki. Krediti 18 ni 54. Krediti 21 ni 63. Mfumo wa ECTS wa Ulaya huhesabu kwa namna nyingine: krediti 30 kwa muhula, na kila moja ni kati ya saa 25 na 30 za kazi kwa muhula mzima. Jua chuo chako kinatumia upi kabla ya kujilinganisha na mtu wa chuo kingine.

Namba hizo zinadanganya kwenye maabara. Maabara ya krediti 1 mara nyingi ni saa tatu za kusimama mbele ya oskiloskopu, na ripoti yake inaweza kula saa nyingine tatu au nne. Maabara tatu kwenye muhula mmoja ni krediti 3 kwenye karatasi, lakini ni karibu saa 20 za wiki yako. Tunashauri zisizidi mbili. Kama ya tatu haiepukiki, angalia siku za kuwasilisha ripoti zisigongane.

Kingine kinachofichwa na krediti ni aina ya uchovu. Ishara na Mifumo, Sumakuumeme na Uwezekano zikikaa muhula mmoja, zote zinadai kitu kile kile: kukaa na hisabati ngumu kwa saa tatu bila kukatizwa. Unaweza kuwa na krediti 12 tu na bado ukazama. Muhula unaobebeka una kozi mbili za hisabati nzito, moja ya maabara, moja ya kubuni au ya programu, na moja ya jumla. Kozi za jumla ulizotakiwa kuzimaliza mwaka wa kwanza, kama mawasiliano ya kitaaluma au uchumi wa uhandisi, ni afadhali ubakize mbili kwa ajili ya mihula ya 5 na 6 kama mtaala unaruhusu. Wanaozimaliza zote mapema hufurahia mwaka wa kwanza na kuulipia mwaka wa tatu.

Anayefanya kazi ya kulipwa saa 20 kwa wiki asichukue krediti 18. Jumla ni saa 74, na kinachopunguzwa kwanza huwa ni mazoezi ya nyumbani, yaani kile kile kinachofaulisha. Krediti 12 zinampa saa 56. Ila aangalie sharti la mwanafunzi wa muda wote kabla ya kupunguza, hasa kama ana mkopo, ufadhili au viza inayolitegemea.

Kozi za hiari: chagua kabla hazijakuchagua

Uamuzi wa mwelekeo huonekana ni wa mwaka wa nne. Kwa kweli ni wa muhula wa 4, kwa sababu kozi za juu zina kozi tangulizi ambazo nyingine haziko kwenye orodha ya lazima.

Anayetaka mifumo ya nishati ya umeme anahitaji Sakiti 2 iliyoiva, hasa fezi tatu, kisha Mashine za Umeme, kisha Uchambuzi wa Mifumo ya Nishati. Elektroniki ya nguvu siku hizi si ya kuruka: nishati ya jua, upepo na betri vyote huingia kwenye gridi kupitia vibadilishi. Jambo linalowashangaza wengi ni matriki. Hesabu ya mtiririko wa mzigo hufanywa kwa mbinu ya Newton-Raphson juu ya matriki kubwa, hivyo Aljebra ya Mstari na Mbinu za Kinamba zitangulie hata kama mtaala hausemi.

Mawasiliano na uchakataji wa ishara hutegemea Uwezekano kuliko kozi nyingine yoyote baada ya Ishara na Mifumo. Kelele kwenye njia ya mawasiliano ni kitu cha bahati nasibu, na bila Uwezekano huwezi hata kusema mfumo mmoja ni bora kuliko mwingine. Antena na mawimbi ya maikro vinahitaji Sumakuumeme ya pili, ambayo idara nyingi huifundisha mara moja kwa mwaka kwa darasa dogo.

Udhibiti na roboti: Milinganyo Tofautishi, Aljebra ya Mstari, Udhibiti 1, kisha udhibiti wa nafasi-hali. Elektroniki na usanifu wa chipu: fizikia ya visemikonda, Elektroniki 1 na 2, halafu VLSI (usanifu wa chipu zenye transista nyingi sana). Mifumo pachikwa: lugha ya C mapema kabisa, Mantiki Dijitali yenye VHDL au Verilog (lugha za kuelezea sakiti za dijitali), Maikroprosesa, na ikiwezekana Miundo ya Data kutoka idara ya kompyuta. Kozi za idara nyingine zina foleni yake: wanafunzi wa huko husajiliwa kwanza, kwa hiyo omba nafasi muhula mmoja kabla.

Chagua mnyororo mmoja wa kozi tatu zinazojengana, na nyingine moja au mbili nje ya mwelekeo huo. Kozi tano za utangulizi wa vitu vitano hupendeza kwenye nakala ya matokeo, lakini kwenye usaili wa kazi swali la pili tu linakumaliza. Kuhusu kozi laini ya kuinua GPA (wastani wa alama zako zote): moja haina ubaya, ikiwekwa kwenye muhula mzito. Mbili zinaanza kula nafasi ya vitu utakavyovihitaji.

Angalia pia kama chaguo zako zinabaki ndani ya masharti ya ithibati. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989 huziwezesha nchi wanachama kutambuana programu za shahada ya uhandisi zilizoidhinishwa. Ya Sydney (2001) ni ya teknolojia ya uhandisi, na ya Dublin (2002) ni ya mafundi sanifu. Kama unafikiria kusajiliwa kama mhandisi nje ya nchi uliyosomea, uliza programu yako iko chini ya makubaliano gani, au haipo kabisa. Jina la shahada halitoshi kukuambia.

Kukutana na mshauri

Mshauri huwa na wanafunzi wengi na muda mfupi. Ukienda bila kitu atafungua matokeo yako kwa mara ya kwanza mbele yako, na dakika kumi zitaisha akisoma. Mpelekee ukurasa mmoja siku mbili kabla: kozi ulizofaulu na alama zake, mpango wa mihula iliyobaki, kozi zenye nafasi sifuri zikiwa zimepigiwa mstari, na maswali yasiyozidi matatu.

Uliza anachokijua yeye na hakipo kwenye kitabu cha mtaala. Kozi gani ya hiari haitafundishwa mwakani? Kozi tangulizi gani husamehewa kwa kawaida, na barua anaandikiwa nani? Kati ya kozi hizi mbili, ipi inabebana vibaya na Sumakuumeme? "Nichukue kozi gani?" ni swali ambalo jibu lake litakuwa la jumla, kwa sababu swali lenyewe ni la jumla.

Ukitoka, mwandikie barua pepe fupi siku hiyo hiyo: "Asante mwalimu kwa muda wako. Tumekubaliana nichukue A na B, na C inahesabika badala ya D. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Ujumbe huo ndio utakaoutoa miaka miwili baadaye, mshauri akiwa amehama na ofisi ya taaluma ikisema haina kumbukumbu. Ubadilishaji wowote wa kozi usioandikwa, hesabu kwamba haujatokea.

Mshauri naye akumbuke kutazama alama badala ya kufaulu peke yake. Mwanafunzi mwenye C tatu mfululizo kwenye kalkulasi, anayetaka krediti 19 zenye Ishara na Mifumo na Sumakuumeme pamoja, kwenye mfumo anaonekana hana tatizo lolote.

Kuondoa kozi au kuendelea

Wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kuondoa kozi, fanya hesabu hii. Tuseme kazi za muhula ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na kazi zote za muhula zimeshasahihishwa, umepata 12. Kama kufaulu ni 40, unahitaji 28 kati ya 60, yaani asilimia 47 ya mtihani. Kama kufaulu ni 50, unahitaji 38, yaani asilimia 63. Asilimia 47 kwa mtu aliyepata asilimia 30 kwenye majaribio ni mlima unaopandika akijipanga. Asilimia 63 ni nadra. Hakikisha pia kama kuna kiwango cha chini cha kazi za muhula ili kuruhusiwa kufanya mtihani. Vyuo vingine vinacho, na hapo hesabu nzima haina maana.

Halafu tazama mnyororo. Kozi yenye nafasi ya mihula 2, iondoe bila kinyongo. Yenye nafasi sifuri, punguza kitu kingine kwanza: ondoa kozi ya hiari ili upate saa za kuiokoa hii. Kinachoonekana mara nyingi ni kinyume chake, mwanafunzi anaondoa Sakiti kwa kuwa ni ngumu na kubaki na kozi ya hiari kwa kuwa ina alama nzuri.

Hesabu ya GPA nayo ifanywe mapema. Mwenye GPA ya 2.6 kwa krediti 90, akibakiza 30, hawezi kuhitimu na 3.0 kwenye kipimo cha 4.0: anahitaji 360 − 234 = pointi 126, yaani wastani wa 4.2 kwa kila krediti. Mwenye GPA hiyo hiyo kwa krediti 45, akibakiza 75, anahitaji 360 − 117 = 243, yaani 3.24, ambayo ni ngumu lakini ipo. Anayekaribia kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa alama duni, afanye hesabu hii na mshauri kabla ya usajili, na aulize kama kurudia kozi kunafuta alama ya zamani au kunaiongeza tu kwenye wastani. Majibu hayo mawili yanaleta mipango tofauti kabisa.

Fildi, mradi na krediti za kuhamishia

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ya baada ya mwaka wa pili na ya baada ya mwaka wa tatu hazifanani. Waajiri wa mwaka wa tatu hutarajia umeshagusa Elektroniki 1 na angalau kozi moja ya mwelekeo wako. Kama fildi inachukua muhula kamili badala ya likizo, iweke kwenye muhula ambao hauna kozi ya nafasi sifuri. Kwenye programu nyingi muhula wa namna hiyo haupo, kwa hiyo ukubali mapema kwamba utahitimu muhula mmoja au miwili baadaye, na uamue kama inalipa.

Kwa mradi, zungumza na msimamizi katikati ya muhula wa 6. Muulize ni kozi gani anataka uwe umezimaliza, kwa sababu mahitaji yake mara nyingi yanazidi ya mtaala. Muhula wa mradi usiwe na maabara mbili: bodi iliyotengenezwa nje huchelewa, transista huungua, na bredibodi iliyofanya kazi jana usiku hugoma mbele ya msimamizi kwa sababu ya waya mmoja uliolegea.

Anayetoka stashahada akija na msamaha wa kozi alinganishe mada badala ya majina. Sakiti ya stashahada inaweza kuwa imefundisha fezi tatu vizuri na isiguse Laplace hata kidogo. Ukisamehewa Sakiti 2 kwa msingi huo, pengo litatokea kwenye Udhibiti. Wakati mwingine ni busara kuukataa msamaha, au kuupokea na kuhudhuria zile wiki nne za Laplace kama msikilizaji.

Ukaguzi wa kuhitimu

Omba ukaguzi mihula miwili kabla ya kuhitimu, yaani mwishoni mwa wa 6. Ukiomba kwenye wa 8, kasoro ikionekana hakuna muhula wa kuirekebisha. Yanayokutwa hujirudia: kozi moja imehesabiwa mara mbili, kwenye hiari za idara na za jumla; hiari za juu zimepungua kwa sababu moja ilikuwa ya ngazi ya mwaka wa pili; fildi imefanyika lakini ripoti haijawahi kuingizwa; kozi ya maabara ya krediti 1 ilifelishwa peke yake huku nadharia yake ikifaulu, na hakuna aliyeigundua; alama ya "haijakamilika" ya mwaka wa pili imegeuka F baada ya muda wake kupita. Baadhi ya hizi hurekebishwa kwa fomu na saini, mradi mwalimu aliyeifundisha kozi bado yupo chuoni; nyingine hudai kozi nzima.